Kilebu mkaidi na nyumba isiyo na mtu mchana

Hapa Ahero, na kote katika uwanda wa Kano, mbwa amejulikana tangu jadi kuwa mlinzi. Makao yake ni nje, chini ya ghala au kando ya zizi, na haja yake huimaliza kichakani bila kufundishwa na mtu yeyote. Hakuna mzee aliyewahi kusumbuka kumfunza mbwa adabu ya choo, kwa sababu mbwa hakuwa na ruhusa ya kuvuka kizingiti. Ndiyo maana dani anapotoka mashambani kuja kuwaona wajukuu wake, akakikuta kijibwa cheupe chenye manyoya mengi kimejilaza kwenye kochi, swali lake la kwanza huwa moja tu: "Nyathina, guok naye siku hizi analala ndani?" Na iwapo siku hiyo hiyo dani atakanyaga majimaji mlangoni mwa chumba alichotandikiwa, basi mjadala umekwisha.

Lakini mambo yamebadilika, tupende tusipende. Familia nyingi za Kisumu, Nakuru na Nairobi, na hata za hapa kwetu kwenye njia panda ya Kericho na Kisii, zimeingiwa na mapenzi ya mbwa wadogo: Maltese, Japanese Spitz, Dachshund, na wengine wengi waliochanganyika hata haijulikani baba yao ni nani. Ploti ni finyu, watoto wanamlilia baba kila Jumamosi, na mbwa mdogo anakula kidogo. Hawezi kulala nje kama mbwa wa ulinzi. Basi anaingizwa ndani, na hapo ndipo kilebu, kama watoto wa shule wanavyofunzwa kumwita, anapoanza kuitwa mkaidi.

Mwisho wa hadithi hii sote tunaujua. Wiki ya kwanza ni vicheko. Wiki ya tatu zulia linanuka. Wiki ya sita mama wa nyumba anasema ama mbwa ama yeye. Kisha mtoto wa mbwa anatiwa kwenye katoni na kupelekwa kwa jamaa wa mbali ambaye hakuulizwa, au anaachwa karibu na soko usiku, watoto wakidanganywa kwamba ametoroka. Mbwa wa namna hiyo hana mwenyewe, hana chanjo, na hupigana na mbwa wengine majalalani. Kichaa cha mbwa kilithibitishwa nchini Kenya kwa mara ya kwanza mwaka 1912, na tangu mwaka 2014 taifa lina mpango wa kukomesha vifo vya binadamu vinavyotokana na ugonjwa huo ifikapo mwaka 2030. Ugonjwa huo ukishaonyesha dalili kwa mtu, ni nadra mno apone. Kwa hiyo kidimbwi kidogo cha mkojo sebuleni si jambo la kuchekesha tu. Ndicho kinachowatoa wengi wa mbwa hawa nyumbani na kuwatia barabarani.

Sasa, msomaji mpenzi, hebu tufanye hesabu kabla ya kushika fimbo. Wanaowafunza mbwa wana kipimo cha makisio: chukua umri wa mtoto wa mbwa kwa miezi, uongeze moja, na jibu ndilo idadi ya saa anazoweza kujizuia mchana, nazo ni nyingi kuliko anazozipenda. Wa miezi 2 hawezi kupita saa 3. Wa miezi 4 atajikaza hadi saa 5 hivi. Chukua sasa nyumba kama nyingi zilizo nyuma ya kituo chetu cha matatu. Baba na mama wanafanya kazi Kisumu. Saa 12:30 asubuhi wako ndani ya gari, wapite Rabuor na Nyamasaria pamoja na wenzao wote wanaoelekea huko huko, na jioni wanarejea saa 12 ikiwa barabara imewahurumia. Ni takriban saa 12 kamili mlango umefungwa. Mtoto wa mbwa wa miezi 2 aliyeachwa humo alikuwa amekwisha kojoa kabla chai ya saa nne haijanywewa ofisini, na atakojoa tena mara tatu au nne kabla ufunguo haujazungushwa. Nani hapo mkaidi?

Mbwa wadogo wana taabu zaidi kuliko wakubwa. Kibofu chao ni kidogo, nao huhitaji kula mara nyingi kwa siku kwa kuwa miili yao haina akiba. Isitoshe, kidimbwi chao ni kama kijiko cha maji, kwa hiyo mwenye nyumba hupita bila kukiona, naye mbwa akafahamu kwamba nyuma ya kochi panaruhusiwa. Mbwa mkubwa akikojoa sebuleni nyumba nzima hupiga kelele siku hiyo hiyo.

Tena kuna jambo ambalo wauzaji hawakwambii. Mtoto wa mbwa akiwa na wiki 3 hivi huanza kutoka mwenyewe pale anapolala ili akajisaidie kando. Ni usafi wa kuzaliwa. Kuanzia hapo hadi wiki ya 8 au 9 anajifunza pia kwa miguu yake: kama anasimama kwenye nyasi anapojisaidia, atatafuta nyasi maisha yake yote, kama ni simiti, atatafuta simiti. Wako wauzaji wanaowazalisha mbwa kwenye vibanda vyembamba vya saruji, watoto wakila na kulala juu ya uchafu wao wenyewe. Ukimnunua huyo, ukamleta kwenye nyumba yenye sakafu ya saruji, hakika unamkabidhi choo kikubwa kuliko alichokizoea. Kabla ya kutoa pesa, omba uone mahali alipozaliwa. Mwuzaji anayetaka mkutane kituo cha basi, mbwa akiwa ndani ya kikapu, mshukuru na uende zako.

Fimbo, basi. Wengi wetu tulilelewa kwa fimbo na tunadhani ndiyo mwalimu wa viumbe vyote. Wapo wanaomshika mtoto wa mbwa kisogoni na kumsugua pua katika mkojo wake, wakisema, "Si unaona anavyoinamisha kichwa? Anajua amekosa!" Mwaka 2009, Alexandra Horowitz wa Chuo cha Barnard, New York, alichapisha jaribio alilofanya na mbwa 14 wa nyumbani. Wenye mbwa waliambiwa wakati mwingine kwamba mbwa wao amekula kitu alichokatazwa, ilhali hakukigusa. Ikaonekana kwamba ile sura ya hatia, macho chini na mkia katikati ya miguu, haikufuata kosa. Ilifuata karipio. Waliokemewa bure ndio walioionyesha zaidi. Kwa hiyo unaporudi saa 12 jioni na kumchapa kwa mkojo wa saa 4 asubuhi, anachojifunza ni kwamba wewe ukifika pamoja na mkojo ukiwapo, kuna hatari. Kesho atauficha chini ya kitanda. Halafu utasema ni mjanja.

Ikiwa umeajiriwa, mlete mtoto wa mbwa nyumbani siku ya kwanza ya likizo yako. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inampa mfanyakazi aliyetimiza mwaka kazini likizo isiyopungua siku 21 za kazi zenye malipo, na sioni ubaya wa kutoa 10 kati ya hizo kwa jambo litakalodumu nyumbani miaka 12 au zaidi. Mwalimu ana bahati kutupita sote kwa kuwa ana likizo za shule. Ila ningemshauri aiache ile ya Aprili. Mvua ya masika katika Kano si ya mchezo, udongo wetu mweusi unashika kiatu cha mtu mzima, sembuse mnyama ambaye tumbo lake liko inchi chache kutoka ardhini. Mbwa mdogo huchukia kabisa nyasi zilizolowa. Na kuna miaka ambayo hizo nyasi zenyewe hazionekani: waulize waliokaa kandokando ya mto Nyando wakati wa mafuriko ya 2020 na ya 2024. Agosti na Desemba ni afadhali.

Katika siku hizo za likizo ratiba ni ya kijeshi. Akiamka, nje. Akimaliza kula, nje katika muda wa dakika 5 hadi 30. Akimaliza kucheza, nje. Asubuhi mbebe mikononi, kwa kuwa akitembea mwenyewe hatafika mlangoni. Mpeleke mahali pale pale kila siku, usimame kimya kama mti, usicheze naye. Anapoanza, tamka neno moja, na nyumba nzima itumie hilo hilo. Kuna nyumba ambamo baba anamwamrisha kwa Kiingereza, mama kwa Kiswahili na dani kwa Dholuo, kisha wote watatu wanashangaa haelewi. Anapomaliza, papo hapo, kabla hujapiga hatua ya kurudi, mpe omena mmoja mkavu. Hakuna biskuti ya mbwa ya dukani inayoshinda omena. Kikwazo ni harufu mfukoni, lakini hiyo ni gharama ndogo. Usimpe mkiwa mmerudi ndani, maana hapo atadhani amelipwa kwa kuingia nyumbani.

Likizo itakwisha, na swali litarudi: ni nani yuko nyumbani mchana?

Katika nyumba nyingi jibu ni msichana wa kazi, na hapa nataka kusema bila kuficha. Mbwa hununuliwa na baba, huchezewa na watoto, na mkojo hupanguswa na mtu ambaye hakushauriwa. Ana mtoto mgongoni, ana nguo za kufua, ana sufuria jikoni, kisha anaongezewa mnyama anayenyunyiza sakafu aliyoisugua muda si mrefu. Asipompenda mbwa huyo msimlaumu. Atampiga mkiwa hampo, na mafunzo yenu yote ya wikiendi yatakuwa bure. Mwite, mketi, mwambie kwa heshima: "Dada, tunaomba umtoe saa 4, saa 7 na saa 10, na kazi hii ina malipo yake." Kisha punguzeni kazi nyingine au ongezeni mshahara, mkifanya yote mawili ni bora. Ukitazama saa anazokaa na mbwa utaona kwamba yeye ndiye mwalimu. Ninyi ni wazazi wa kumtembelea tu.

Nyumba isiyo na mfanyakazi inaweza kumtumia kijana aliyemaliza mtihani wa kidato cha nne mwezi Novemba na anayesubiri kuitwa chuoni miezi mingi ijayo. Vijana hawa wamejaa mitaani, wana ufunguo wa kwao, na wanahitaji pesa za matumizi. Jirani mwenye kibanda cha mboga langoni naye anafaa, mradi makubaliano yawe wazi na ujue anampenda mnyama. Kama jirani ni Mwislamu asiyetaka kugusana na mbwa kwa ajili ya swala, usimkwaze kwa ombi hilo, na wala mbwa wako asijisaidie mlangoni pake.

Na ikiwa kweli hakuna mtu? Hapo naachana na wafunzaji wakali wanaosema mbwa asijue kabisa kwamba kuna choo ndani ya nyumba. Wanasema kweli, lakini wanasema kwa watu wanaoshinda nyumbani. Kwa mtu anayepanda matatu alfajiri, choo kilichopangwa ni bora kuliko zulia. Tenga kipande cha jikoni au veranda iliyofungwa, uzibe kwa ubao anaoshindwa kuruka. Upande mmoja weka kitanda chake na maji. Upande wa pili, mbali kadiri nafasi inavyoruhusu, weka sanduku la mbao lenye ukingo mfupi, ulijaze maganda ya mpunga. Hapa Ahero maganda hayo yanarundikana kando ya mashine za kukobolea, na wenye mashine wengi hufurahi ukiyaondoa. Chagua makavu yasiyo na vumbi jingi, uyabadilishe kila siku, ila uache konzi moja ya yale ya jana ili harufu imwelekeze. Nyayo zake zinayahisi kama kitu cha nje, si kama sakafu. Akishazoea, sanduku linasogezwa kidogo kidogo: leo mlangoni, wiki ijayo nje ya mlango, halafu juu ya nyasi, na hatimaye maganda yanamwagwa pale pale na sanduku kuondolewa. Anayefuga kuku juu ya maganda hayo hayo asishangae mbwa akianza kwenda haja kwenye banda la kuku.

Wakaao Kisumu kwenye ghorofa wanaweza kutumia magazeti ya zamani badala ya maganda. Nafahamu vizuri kwamba ukurasa huu utafika huko mapema kuliko mwandishi wake angependa. Kabla ya hapo, tafadhali, maliza kusoma.

Wengine hutumia kreti, yaani sanduku la kulala la ukubwa wa kumtosha kugeuka tu, kwa kuwa mbwa hapendi kuchafua anapolala. Kwa usiku, na kwa saa moja au mbili za mchana, linafaa sana. Kumfungia humo kutwa nzima ni kumlazimisha achafue kitanda chake, na akishazoea hilo umeua ule usafi wa kuzaliwa niliotaja.

Chakula nacho kinaingia katika hesabu. Sahani iliyojaa kutwa humfanya mbwa aende haja kutwa. Mpe kwa saa maalumu, mara 3 kwa siku mpaka afikie miezi 4 au zaidi, na mlo wa mwisho uwe mapema jioni. Wale wadogo kabisa wasikae na njaa muda mrefu, sukari mwilini huwashuka haraka wakalegea. Maziwa ya ng'ombe, ambayo watu wengi huyaona kuwa zawadi, huwaharisha wengi wao, na hakuna mafunzo yanayomfaa mbwa anayeharisha. Minyoo pia huleta hali hiyo, kwa hiyo dawa za minyoo zianze tangu akiwa mchanga. Usimnyime maji ya kunywa kwa kutaka akojoe kidogo. Joto la huku si la kuchezea.

Usiku ni mtihani mwingine. Mtoto wa mbwa atataka kutoka mara moja au mbili, na sisi tunaoishi karibu na majaruba ya mpunga tunajua nani anasubiri nje ya mlango. Mbu anayeleta malaria huuma usiku, na mlango ukiachwa wazi huku ukimbembeleza mbwa, umewakaribisha wote chumbani mwa watoto. Vaa mikono mirefu, toka, funga mlango nyuma yako, na ulale ndani ya neti kama kawaida.

Akikosea ndani, pangusa kwanza kwa tambara kavu, halafu osha kwa maji na sabuni ya unga, umalize na siki iliyochanganywa na maji. Pua ya mbwa ina vinusio zaidi ya milioni 200, yako ina kama milioni 5 au 6, kwa hiyo usemapo pamenukia vizuri, yeye bado anasoma bango lililoandikwa choo. Dawa zenye amonia huzidisha, kwa sababu zinanuka kama mkojo wenyewe. Na jiki isikutane kamwe na siki wala amonia, hutoa hewa ya sumu inayochoma mapafu.

Kuhusu chanjo, ile ya magonjwa ya watoto wa mbwa kama parvo huanza katika wiki ya 6 hadi ya 8 na kurudiwa mpaka wiki ya 16. Virusi vya parvo hukaa ardhini miezi mingi, hivyo kabla chanjo hazijakamilika choo chake kiwe ndani ya ua wako, si kando ya barabara wanapopita mbwa wa kila aina. Chanjo ya kichaa hutolewa akifikisha miezi 3, kisha kila mwaka. Weka kadi yake pamoja na kadi za kliniki za watoto.

Muda wote huu unachukua kiasi gani? Wengi huanza kuaminika wakiwa na miezi 6, lakini hawa wadogo wanaweza kuendelea na makosa ya hapa na pale hadi mwaka mzima, hasa wakipata mgeni, wakihama nyumba, au radi ikipiga. Andika kwenye daftari saa alizokojoa kwa wiki moja. Utaona anafuata mpango wake kwa uaminifu kuliko matatu yoyote, na ni rahisi kusogeza saa zako kuliko zake.

Lakini mbwa aliyekuwa ameshazoea kabisa, kisha kwa ghafla akaanza kukojoa kidogo kidogo kila mahali, au akajikaza bila kitu kutoka, au ukaona damu, huyo hajarudia ukaidi. Huenda ana maambukizi ya kibofu, na anaumia. Mpeleke kwa daktari wa mifugo kabla hujamtafutia katoni.